Karibu Mgeni, Siku Mbili Tu

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Nimeligeuza nianzie nyuma, maana mbele kuna viuno na mabega ya watu, na sitaki majonzi yangu yachanganyike na gauni la mtu. Jirani yangu Nesi, aliyestaafu kazi ya hospitali lakini hajastaafu kuamrisha, ndiye aliyeniambia niandike. Alisema nisipoandika nitaanza kuongea peke yangu, na fundi cherehani anayeongea peke yake haletewi nguo. Haya, naandika.

Mvua imeanza leo. Mume wangu ana wiki sita kaburini. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeitazama, na bado naona inahusu nyumba ya watu wengine.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kola sita. Maji yameingia jikoni kwa sababu mtaro wa nyuma umeziba. Aliyekuwa akiuzibua sinaye.

Alhamisi, 6 Machi

Niieleze spika, asije mtu akalisoma daftari hili akadhani nimerukwa na akili.

Mume wangu alikuwa fundi wa redio, na waya alizipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Miaka minne iliyopita alikichokonoa kisanduku cha intaneti cha hapa nyumbani mpaka kikawa kinazitambua simu zetu. Ukirudi na simu yako, kisanduku kinaiona, na spika iliyo juu ya kabati inakukaribisha kwa sauti yake yeye. Kila mtu ana maneno yake. Mimi nikitoka sokoni huniambia, “Umerudi? Nilidhani umeolewa huko huko.” Nami nilikuwa namjibu kwamba wachumba ni wengi ila foleni haisogei, naye akicheka kule kwenye meza yake ya redio.

Simu ngeni ikiingia, inasema, “Karibu mgeni. Siku mbili tu. Ya tatu, jembe.” Basi wageni wakishtuka, yeye raha zake.

Sasa amekufa na bado ananiuliza kama nimeolewa. Jana nilitoka mara tatu bila shughuli yoyote. Nilifika kona ya pili nikageuka.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi, saa nne hivi, nimekaa kwenye cherehani. Mlango umefungwa, mvua inapiga bati, hakuna mtu. Juu ya kabati mume wangu akasema, “Karibu mgeni. Siku mbili tu. Ya tatu, jembe.”

Sindano ilinichoma kidole. Niliinuka nikatazama mlangoni, nikatazama dirishani, nikatazama hata nyuma ya pazia, kama mtoto. Kisha nikakaa na kulia mpaka kitambaa cha mteja kikaingia doa. Nitamwambia ni mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mara mbili leo. Saa nne na saa tisa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeongea na binti yetu kwa simu. Anafanya kazi ya maabara, mbali, ndege mbili na basi. Baba yake alimwita Kasuku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutambaa na hajanyamaza tangu siku hiyo. Siku hizi ndiyo ananyamaza. Anauliza kama nimekula, namwambia nimekula, kisha tunasikilizana tukipumua.

Sikumwambia habari ya mgeni. Nilimwambia tu kwamba maneno yake yapo bado yanamngoja. Mwaka jana baba yake alijifungia chumbani akarekodi karibu ya Kasuku, na nilipomuuliza amesema nini alinijibu, “Ni yake, si yako.” Mtoto akaahirisha likizo, akaahirisha tena, na alipokuja alikuja kuzika. Nyumba ilijaa watu, na mtu mmoja, Mungu amsamehe, alichomoa kisanduku ili achomeke birika la chai, asikirudishe. Kasuku akakaa siku mbili akaondoka bila kukaribishwa na baba yake. Atakuja mvua zikiisha, mwezi wa tano. Ndiyo siku ninayoihesabia.

Jumanne, 18 Machi

Mgeni tena saa nne. Nikakumbuka kwamba aliye karibu na ukuta wangu kila saa nne ni Nesi, anayekaa uani kwake kuchambua mboga.

Nilimwendea. Nilimuuliza kama anatumia intaneti yangu, akasema ndiyo, tangu zamani, marehemu mwenyewe alimpa. Nikamwambia marehemu alikuwa akimkaribisha kwa jina, “Nesi, leo hatuumwi,” sasa mbona nyumba inamwita mgeni, anaingia kwa simu ya nani na anatafuta nini kwa mjane. Nilisema maneno mengine ambayo siyaandiki. Nesi aliweka kisu chini. Akasema mjukuu wake amemnunulia simu mpya, ndiyo hii, na kama nataka ataizima sasa hivi. Akaizima mbele yangu.

Nimerudi nyumbani. Spika ikaniuliza kama nimeolewa.

Jumatano, 19 Machi

Saa tisa: “Karibu mgeni.” Nilichungulia uani kwa Nesi. Simu yake iko kwenye stuli, imezimwa, imefunikwa sahani isilowe.

Jumamosi, 22 Machi

Leo amekuja fundi wa mitandao. Ni mteja wangu, nilimshonea gauni la harusi. Mwanamke mkubwa wa miwani, hasemi neno mpaka amalize kutazama. Alitazama kwa saa nzima. Kisha akauliza mtandao wetu unaitwaje.

“Hodi,” nikasema.

“Na neno la siri?”

“Karibuni.”

Alivua miwani akaifuta. Nilimweleza kwamba mume wangu alitaka “karibu”, kisanduku kikakataa kikidai herufi nane, akaongeza mbili, tukacheka wiki nzima. Fundi hakucheka. Alisema barabarani hapa kila mtoto aliyefundishwa adabu analijua jibu la hodi. Mtu amesimama nje na simu yake, ameona Hodi, akajibu alivyolelewa, akaingia. Mwizi hakuvunja chochote, tulimfundisha wenyewe tangu utotoni.

Halafu akanionyesha orodha ya vifaa vilivyoingia. Kimoja changu. Kimoja cha Nesi. Kimoja hakijulikani, na hicho kimekuwa kikipekua kompyuta ya mume wangu pale kona, ambayo haina hata kufuli.

Akanieleza kuhusu viraka. Kumbe programu nazo huchakaa, na waliozitengeneza hutuma viraka kuziba matundu, ila kisanduku chetu ni cha zamani na wenyewe wameshakiacha. Nikamwelewa vizuri sana. Nguo ikifika mahali kiraka hakina pa kushika, unafanyaje? Nilijua anakoelekea.

Alitaka kukichomoa leo leo. Nikamuuliza kuhusu sauti. Akasema sauti zimo kwenye kadi ndogo ubavuni, hizo atazinakili, hazipotei. Kitakachopotea ni ule ujuzi wa kuzitambua simu na kukaribisha. Mume wangu aliufungia ndani kwa neno lake mwenyewe na hakuliandika popote. Basi nitakuwa nazo, nitabonyeza kitufe na kusikiliza ninapotaka.

Nikamwambia mtu hajikaribishi. Karibu unayoibonyeza mwenyewe ni ya bandia, ni kama kujipigia makofi. Nikamwomba aache mpaka mwezi wa tano, Kasuku afike, baba yake amwambie aliyokuwa akimwekea, kisha akivunje kwa nyundo akitaka.

Fundi alisema, “Mama, hiyo ni miezi miwili ya mlango wazi.”

Nikasema najua. Akanibadilishia neno la siri la barua pepe yangu, akaniwekea kufuli la pili linalotuma namba kwenye simu kabla ya kufungua. Akataka kufanya vivyo hivyo kwenye barua pepe ya mume wangu. Nikamwambia aache ya marehemu, wafu hawaibiwi. Maneno yangu hayo, kwa mdomo wangu huu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua siku ya nne. Jikoni natembea juu ya matofali. Sijaenda kwa Nesi. Aibu ni nzito kuliko gunia.

Alhamisi, 3 Aprili

Mgeni, mara moja. Nimemjibu kwa tusi.

Jumanne, 8 Aprili

Kasuku amepiga kwa simu ya mwenzake saa sita mchana, saa ambayo kwao ni kazini. Alikuwa akilia kwa namna ambayo sikuisikia hata kaburini. Nitaandika alivyonieleza, kwa mpangilio, maana nisipoandika nitajidanganya baadaye kwamba haikuwa hivyo.

Jumatano iliyopita alipata ujumbe kutoka anwani ya barua pepe ya baba yake. “Kasuku, upo?” Basi. Mwizi alikuwa amezisoma barua zao zote, miaka kumi ya barua, akajua jina, akajua kwamba baba yake hamalizi sentensi kwa nukta. Kasuku alijua si yeye. Alimtupia udongo kaburini kwa mkono wake. Alikaa na ujumbe huo siku nzima, kisha akajibu, “Nipo, baba.”

Wakaandikiana siku tatu. Alimweleza kuhusu kazi. Alimwomba radhi kwa likizo alizoahirisha. Mwizi akamjibu, “Usijali mwanangu, nilikuwa nakungoja tu”. Siku ya nne akamtumia kiungo, akamwambia fungua hapa, ni picha zetu. Kasuku akafungua. Simu ikatekwa papo hapo, na kutoka simuni mwizi akataka kuingia maabara. Kazini wamechukua simu yake, wamemhoji kama mhalifu, wakamwachia na onyo.

Nilimuuliza, mwanangu, ulijua si yeye, kwa nini ulijibu?

Akasema, “Aliniandikia, mama. Hakuna mwingine aliyeniandikia.”

Nikamwambia nitapiga tena. Nikakaa sakafuni penye maji. Nilikuwa nimeuacha mlango wazi ili mtoto akaribishwe na baba yake, na mwizi akapita hapo hapo akamkaribisha kwa sauti ya baba yake. Fundi aliniambia. Nilikuwa na masikio mawili na nikayatumia yote kusikiliza kabati.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwita fundi. Anakuja kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi nilitoka na simu nikafika kona ya pili, nikasimama chini ya mvua bila mwavuli, nikarudi.

“Umerudi? Nilidhani umeolewa huko huko.”

Nikamjibu kwamba foleni haisogei. Nikamwambia mengine pia. Nikamwambia asante kwa kuniuliza kila siku.

Fundi alifika saa tatu. Alichomoa kisanduku bila kusema kitu, na kwa hilo nitamshonea bure mpaka azeeke. Akaweka kipya. Mtandao wa nyumba una jina lisilo na maana, na neno la siri ni maneno manne yasiyojuana, nimeyaandika kwenye karatasi ndani ya kopo la vifungo. Akabadilisha hata neno la kuingilia kwenye kisanduku chenyewe, akisema watu hufunga mlango wa mbele na kusahau ufunguo wa kiwandani uko dirishani. Akatenga mtandao wa pili wa wageni. Alisema mgeni akae sebuleni, si kila anayekaribishwa anafikishwa chumbani. Kompyuta ya kona imefutwa na kuwekwa kufuli. Anwani ya mume wangu tumeifunga pamoja. Ilituuliza kama tuna hakika. Fundi akanisogezea kompyuta, nikabonyeza mimi.

Sauti zimo kwenye kidude kidogo cha kuhifadhia. Alipofika kwenye ile ya Kasuku akauliza aijaribu kama imenakiliwa vizuri. Nikamwambia atazame urefu wake tu. Ni sekunde kumi na tisa. Yangu ni tatu.

Alipokuwa akivaa viatu alinihurumia. Akasema kisanduku cha zamani anaweza kuniachia. Siku Kasuku atakapofika nikiwashe bila waya wa intaneti, mara moja tu, wakaribishane, nikizime. Kukiwasha kila siku hapana. Nimekifunga kwenye kanga, kiko kabatini.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka sokoni. Nimefungua mlango. Jokofu linanguruma.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekwenda kwa Nesi na karatasi yenye neno la siri la mtandao wa wageni. Nilikuwa nimepanga hotuba. Alinifungulia, akaitazama karatasi, akasema, “Umekonda. Umekula?” Nikashindwa kuitoa hotuba. Akanipa uji, nikaunywa nikilia ndani ya kikombe chake. Alisema mgonjwa mwenye homa haulizwi alichosema. Kisha akanikemea kuhusu mtaro, kwamba maji yangu yanahamia kwake.

Jumapili, 27 Aprili

Gauni la ubatizo, mikono mifupi. Mvua. Mtaro.

Ijumaa, 9 Mei

Kasuku ana tiketi. Tarehe kumi na saba. Nimelifuta kabati vumbi.

Jumamosi, 17 Mei

Amefika. Nimwandike tangu mlangoni.

Niliwasha kisanduku tangu asubuhi, waya wa nje nimeutoa kama nilivyoagizwa. Nilisikia begi likiburutwa kwenye tope, nikasikia “Hodi”, nikajizuia nisijibu. Akaingia, amelowa, amekonda kuliko mimi. Tukashikana pale pale kwenye zulia, tukasimama hivyo sijui muda gani. Kisha nikamwambia atoe simu, ajiunge na Hodi.

“Neno lile lile?”

“Lile lile.”

Akaandika. Nilikuwa nimengoja siku hii tangu mwezi wa kwanza. Juu ya kabati mume wangu akakohoa kidogo, kama anavyokohoa, akasema:

“Karibu mgeni. Siku mbili tu. Ya tatu, jembe.”

Simu mpya. Ile ya zamani ilichukuliwa kazini kwake kwa sababu ya mwizi, na mwizi aliingia kwa sababu yangu, na mimi niliyemtukana Nesi kwa sababu ya simu mpya, mimi huyo huyo nilisahau. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikafunika uso. Nilisema nisamehe, nisamehe, sikumbuki mara ngapi. Baba mtu alimngoja mwaka mzima, na mtoto alipofika akamwita mgeni.

Kasuku alibaki amesimama akitazama spika. Akajifuta pua kwa mkono wa shati, akasema kwa sauti ndogo, “Hakukosea, mama. Miaka mitatu sijakanyaga hapa ila kuzika.”

Nikazima kisanduku, kama nilivyoahidi. Nikatoa kidude kwenye kopo la vifungo, nikamwambia yake imo humu, sekunde kumi na tisa, sijaisikiliza. Alikipokea akakishika kwenye kiganja. Akasema bado.

Jumapili, 18 Mei

Amelala mpaka saa saba. Nesi amekuja kumpima presha bila kuombwa. Mvua nyepesi.

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya tatu.

Niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Sauti ya kuchimba ilitoka nyuma ya jiko. Nilifungua mlango wa uani nikamkuta ndani ya mtaro, tope mpaka magotini, amelishika jembe la baba yake vibaya kabisa, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Nesi amesimama upande wake wa ukuta akimwelekeza. Nikamuuliza anafanya nini, mtu wa likizo, mwenye mikono ya maabara. Hakuinua kichwa. Alisema ameambiwa ya tatu, jembe.

Alichimba mpaka saa tano. Majani, tope la msimu mzima, chupa, soksi yangu moja ambayo nilimlaumu mbwa wa watu kwa kuiiba. Mara maji yakasogea kidogo, yakasimama, kisha yakaondoka yote kwa pamoja, na jikoni nikaona sakafu yangu kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Alinawa bombani mikono na miguu. Viatu akaviacha nje. Akaenda akachukua kidude na kompyuta, akaingia chumbani, akafunga mlango kama baba yake alivyoufunga siku ile.

Mimi nilikaa kwenye cherehani nikaikanyaga kwa nguvu, bila kitambaa, ili nisisikie. Ni yake, si yangu. Nilihesabu mpaka kumi na tisa, nikaongeza tano za usalama, nikauondoa mguu. Nyumba ilikuwa kimya. Halafu nikamsikia mtoto wangu akijibu, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuingia na kuvuta kiti.

“Asante, baba. Nimeshakaribia.”